Chakula cha Gunia cha Farasi Wazee: Tunachokisifu na Tunachokikataa

Kazi kubwa ya chakula cha gunia cha farasi wazee ni moja: kumpa nyuzinyuzi mnyama ambaye magego yake hayawezi tena kusaga majani makavu. Mengine yanayochapishwa kwenye gunia kwa herufi kubwa, kuanzia dawa za viungo hadi chachu na mafuta ya kung'arisha manyoya, yanakuja nyuma sana. Tunaanza na hilo kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wananunua chakula kizuri, wanampa farasi kopo moja asubuhi na kopo moja jioni, kisha baada ya miezi 3 wanasema hakifanyi kazi, na mbavu bado zinahesabika.

Tathmini hii haichagui kampuni. Inapima aina za bidhaa zinazouzwa kwa ajili ya farasi mzee, na inaeleza jinsi ya kusoma gunia lolote litakalokuwa mbele yako dukani.

Tazama mdomo kabla ya kufungua mkoba

Jino la farasi husogea kutoka kwenye fizi milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, likifidia kile kinachosagika. Akiba hiyo ina mwisho. Farasi akishapita miaka 20, gego moja huwa laini kama kokoto ya mtoni, jingine limeng'oka, na pengo lililobaki hujaa majani yanayooza na kumtonesha kila anapotafuna. Dalili ya wazi kuliko zote ni matonge: majani yaliyotafunwa nusu, yamesokotwa kama kamba fupi, yametemwa chini ya hori. Nyingine ni kinyesi chenye nyuzi ndefu, farasi kuinamisha kichwa upande mmoja akitafuna, na majani makavu kubaki wakati chakula laini kinaisha.

Daktari wa mifugo amtazame mdomo kila baada ya miezi 6 hadi 12. Apimwe pia mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Kama ana zaidi ya miaka 15 na manyoya marefu hayang'oki msimu ukibadilika, misuli ya mgongo imeliwa au kwato zinamuuma, apimwe damu kwa ugonjwa wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ule unaoitwa Cushing. Ugonjwa huu unatibiwa kwa dawa ya pergolidi. Chakula peke yake hakitaurudisha nyuma, na chakula chenye sukari nyingi huongeza hatari ya kwato kuvimba kwa ndani. Hakuna gunia tunaloweza kulipendekeza kwa farasi ambaye hajapitia hatua hii, maana fedha zitakuwa zinalisha minyoo au zinapita juu ya jipu la jino.

Jina moja, bidhaa mbili

Chini ya maneno "kwa farasi wazee" kuna vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Cha kwanza ni chakula kamili. Msingi wake ni machicha ya kiazisukari, unga wa alfalfa (jani la malisho la jamii ya kunde) na maganda ya soya, vikashindiliwa kuwa peleti, yaani vidonge vidogo vigumu. Kinaweza kuchukua nafasi ya majani makavu yote. Cha pili ni mchanganyiko wa nafaka, yaani shayiri, mahindi na molasi, uliotiwa vitamini kidogo na picha ya farasi mwenye mvi usoni. Hiki hakiwezi kuchukua nafasi ya majani hata siku moja.

Kuvitofautisha hakuhitaji utaalamu. Tafuta kwenye lebo nyuzinyuzi ghafi. Chakula kamili kwa kawaida kina asilimia 16 au zaidi, wakati michanganyiko ya nafaka huzunguka asilimia 8 hadi 10. Kisha soma jedwali la kulishia. Chakula kamili cha kweli hutoa vipimo viwili, kimoja kwa farasi anayekula majani na kingine kwa asiyeweza kabisa. Kama kipimo cha pili hakipo, mtengenezaji mwenyewe amekwambia kwamba bidhaa yake haikuundwa kwa kazi hiyo.

Baada ya nyuzinyuzi tunaangalia protini ya asilimia 12 hadi 16, na lisini iwe imetajwa kwa jina. Lisini ni asidi amino ambayo ikipungua, protini nyingine haijengi misuli hata ikiwa nyingi. Jedwali za Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani za mwaka 2007 zinampa farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi gramu 630 za protini na gramu 27 za lisini kwa siku, na farasi mzee aliyepungua misuli hafai kulishwa chini ya hapo. Mafuta ya asilimia 5 hadi 8 yanatosha. Kalsiamu iwe mara 1.5 hadi 2 ya fosforasi. Shaba na zinki zitajwe kwa kiasi, zinki ikiwa mara 3 hadi 4 ya shaba. Gunia linalosema tu "limeongezwa madini" bila tarakimu tunaliacha pale pale.

Wanga ndio mtego. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na wanga ukizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, unaosalia hupita hadi utumbo mpana, huko unachachuka na kuleta asidi. Matokeo ni msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato. Piga hesabu: farasi wa kilo 500, mlo wa kilo 2, wanga asilimia 15, hiyo ni gramu 300, yuko salama. Mlo huohuo wa mchanganyiko wa nafaka wenye wanga asilimia 35 unampa gramu 700, tayari amevuka mpaka. Kwa mwenye Cushing au tatizo la insulini, wanga na sukari kwa pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12 ya chakula. Kampuni isiyotaja tarakimu hizo kwenye gunia hata ikiulizwa, kwa farasi wa namna hiyo tunaikataa moja kwa moja.

Dawa za viungo zilizochanganywa ndani ya chakula zisikushawishi. Ushahidi wa glukosamini inayolishwa farasi ni dhaifu, na kiasi kinachotiwa kwenye gunia mara nyingi ni kidogo.

Kipimo, na hapa ndipo gunia linaposhindwa mikononi mwa mtu

Farasi anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku. Farasi wa kilo 500 akiishi bila kazi anahitaji takriban megakalori 16.7, hicho kikiwa kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Kilo moja ya chakula kamili hutoa kama megakalori 2.6 hadi 3. Kwa hiyo mzee asiyeweza kutafuna majani hata kidogo anahitaji karibu kilo 6 hadi 8 za chakula hicho kila siku. Wengi hushtuka wakisikia hivyo. Lakini kopo mbili za kilo moja moja zinampa theluthi moja tu ya nguvu anazohitaji, na pia theluthi ya vitamini na madini, kwa sababu yote yamechanganywa kwa kuhesabu kwamba atakula kilo 6.

Kilo hizo zigawanywe milo 4 au zaidi, kila mlo usizidi kilo 2 hadi 2.5 za chakula kikavu. Milo miwili mikubwa ni kosa la pili kwa wingi baada ya kulisha kidogo. Kama ratiba ya binadamu hairuhusu milo minne, mwachie usiku ndoo ya majani ya peleti yaliyolowekwa, na chakula kamili kibaki kwenye milo mitatu.

Mwenye magego ya nusu nusu, anayekula majani laini na kutema magumu, huhitaji kilo 2 hadi 4 za chakula kamili, na majani yaliyokatwa mapema kabla hayajatoa mbegu awekewe muda wote. Hata yale anayotema yana faida: anacheza nayo, mate yanatoka, siku inapita. Usimwondolee.

Pima kwa mizani. Kopo la lita 2 la peleti lina zaidi ya kilo moja, wakati kopo hilohilo la machicha makavu yasiyoshindiliwa halifiki nusu ya uzito huo. Mtu akibadilisha bidhaa na kubaki na kopo lilelile, amemnyima farasi nusu ya chakula bila kujua. Na kipimo ni cha chakula kikavu daima. Ndoo nzito ya uji, yaani chakula kilicholowekwa, ni maji kwa sehemu kubwa.

Uzito wa farasi nao usikisiwe kwa macho, hasa mwenye manyoya mazito yanayoficha mbavu. Chukua utepe, pima mzunguko wa kifua nyuma ya kiwiko, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,877. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa 165 ana kilo 450.

Kuloweka

Farasi mzee anameza bila kutafuna vya kutosha, mate yake hayatoshi, na peleti kavu huvimba ndani ya umio. Akikabwa utaona anakohoa, ananyoosha shingo, na povu lenye chakula linatoka puani. Hapo ondoa chakula na maji yote, mwache ainamishe kichwa, mpigie daktari. Usimsukumie mpira wa maji mdomoni wala kumlazimisha mafuta, maana yataingia kwenye mapafu.

Kilo 2 za chakula kamili zinahitaji lita 3 hadi 4 za maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30. Bonyeza kwa vidole: peleti isiwe na kiini kigumu katikati. Peleti za machicha ya kiazisukari ni ngumu zaidi, na maji yawe mara 4 hadi 5 ya uzito wake. Kwa maji baridi ziache usiku kucha, kwa maji ya moto saa 2 hadi 4, halafu zipoe. Vipande vya majani vilivyoshindiliwa, vile vya mraba, hudanganya zaidi ya vyote, nje vimelainika na ndani kuna mfupa. Vivunje kwa mkono kabla ya kuvimwaga horini.

Wakati wa joto uji huchacha haraka. Ukinusa harufu ya pombe au siki, mwaga. Ndoo ioshwe kila siku, kwa sababu ukoko wa jana uliobaki pembeni ndio unaoharibu mlo wa leo, na farasi akikataa ndoo watu husema amechoka na chakula kile kumbe amekataa uchafu.

Uji wa kuloweka una faida ya pili tunayoithamini sana: unaingiza maji. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, na mzee hupunguza kunywa maji yakiwa baridi sana, kisha kinyesi kinakauka na kuziba utumbo. Lita 10 zilizomo kwenye chakula zinaokoa.

Mbadala wa gunia moja

Si lazima kununua chakula kamili. Mchanganyiko wa kutengeneza mwenyewe unaweza kuwa mzuri vilevile, na kwa farasi anayepaswa kuepuka sukari mara nyingine ni bora zaidi kwa sababu unajua kila kilichomo. Kwa farasi wa kilo 500 asiyekula majani kabisa: kilo 5 za peleti za majani yaliyochanganywa na alfalfa, kilo 2 za machicha ya kiazisukari yasiyo na molasi, na gramu 500 za chakula cha kusawazisha, kile kilichojaa protini, vitamini na madini. Vyote vikipimwa vikavu. Hapo kuna takriban megakalori 17. Chumvi ya kawaida gramu 25 hadi 30 juu yake.

Udhaifu wa njia hii ni mtu kuruka kitu kimoja. Machicha peke yake yana kalsiamu nyingi, fosforasi kidogo sana, na karibu hakuna vitamini. Alfalfa ina protini ya asilimia 15 hadi 20 na kalsiamu nyingi, ni nzuri kwa misuli, lakini kwa farasi mwenye figo mbovu hiyo kalsiamu ni mzigo, kwa kuwa farasi hutoa ziada yake kwa mkojo. Ukiacha chakula cha kusawazisha ili kuokoa fedha, farasi atanenepa tumbo huku mgongo ukibaki kama paa la nyumba.

Pumba za ngano hatuzipendekezi kama mlo wa kila siku. Zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na zikitawala chakula kwa muda mrefu mwili hunyonya kalsiamu kutoka mifupani, hata mifupa ya uso ikavimba. Pumba za mpunga ni chanzo kizuri cha mafuta ikiwa tu zimetibiwa zisichache na zimeongezwa kalsiamu. Lebo lazima iseme hivyo.

Mafuta ya mboga ni nyongeza tunayoipenda kwa farasi aliyekonda. Kikombe cha mililita 240 kina karibu megakalori 2, bila wanga. Anza na mililita 30 kwa siku, ongeza polepole kwa wiki 2. Kinyesi kikianza kung'aa au kulainika, rudi nyuma. Mafuta yanahitaji vitamini E, kama uniti 1 kwa kila mililita, juu ya uniti 500 ambazo farasi wa kilo 500 anahitaji kwa siku. Farasi asiyepata majani mabichi hukosa vitamini hii, kwa sababu hupotea majani yakikaushwa.

Kitu kimoja hakina mjadala: usimlishe chakula cha ng'ombe au kuku. Baadhi kina monensini, dawa ambayo kwa farasi huua misuli ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Chunguza pia kama kiwanda kinachotengeneza chakula cha farasi wako hutumia mashine zilezile kwa chakula chenye dawa hiyo. Ni swali la haki kumuuliza muuzaji.

Nani asinunue

Mzee mwenye meno mazima na mwili mzuri hahitaji gunia hili. Kwa miaka mingi iliaminika, kutokana na utafiti wa miaka ya 1980, kwamba kila farasi mzee hupoteza uwezo wa kumeng'enya protini, fosforasi na nyuzinyuzi. Tafiti za baadaye kwa wazee wenye afya, meno yaliyotunzwa na minyoo iliyodhibitiwa hazikuona tofauti kubwa na vijana. Umri ulioandikwa kwenye karatasi si sababu ya kubadilisha chakula. Huyu apewe majani mazuri na chakula cha kusawazisha, basi. Na mzee mnene apewe hivyohivyo, kwa kuwa kilo za ziada juu ya viungo vyenye baridi yabisi ni mateso.

Kwa farasi aliyekuwa na njaa ya muda mrefu, mifupa mitupu, usimwage chakula kamili siku ya kwanza. Nafaka na sukari humwaga insulini, madini ya damu yanashuka ghafla, na anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kulishwa. Aanze na alfalfa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, chini ya usimamizi wa daktari.

Kuingiza na kupima matokeo

Badilisha robo ya chakula kila siku 3, kazi nzima ichukue siku 10 hadi 14. Bakteria wa utumbo mpana wanahitaji muda huo. Mlishe peke yake, nyuma ya uzio au ndani ya chumba chake, kwa saa nzima. Mzee hula polepole na hufukuzwa na vijana. Chakula bora kabisa kikiliwa na farasi mwingine hakimsaidii mtu.

Alama za mwili za mtafiti Don Henneke, zilizotolewa mwaka 1983, huanzia 1 kwa aliyekonda kupita kiasi hadi 9 kwa mnene mno, na mzee tunapenda awe 5 hadi 6. Alama moja ni takriban kilo 16 hadi 20 za mwili, na kila kilo ya kuongezeka inahitaji kama megakalori 20 juu ya mahitaji ya kawaida. Ukiongeza megakalori 4 kwa siku, alama moja itachukua karibu miezi 3. Kwa hiyo mtu anayehukumu gunia baada ya wiki 2 hajalitendea haki. Pima utepe kila baada ya wiki 2, mahali palepale, saa ileile, andika. Papase mbavu kwa mkono, maana manyoya hudanganya. Tazama misuli ya mgongo na ya makalio kando na mafuta: mbavu zikifunikwa huku mgongo ukibaki umechongoka, nguvu zimetosha ila protini au lisini haijatosha, au Cushing haijadhibitiwa.

Uzito usiposogea baada ya wiki 6 za kipimo kamili kilichopimwa kwa mizani, usiongeze kopo la tatu la kitu kingine. Rudi kwa daktari: jino, figo, ini, maumivu.

Kuhusu gunia lenyewe, nunua lenye tarehe ya kutengenezwa iliyo wazi, na uwe umelimaliza ndani ya miezi 3 tangu tarehe hiyo, kwani vitamini hupungua na mafuta huchacha. Lihifadhi juu ya mbao, si sakafuni, ndani ya pipa lenye mfuniko. Peleti zilizoshikana kuwa bonge, zenye vumbi la kijani au harufu ya gunia bovu zisichambuliwe ili kuokoa nusu nzuri. Gunia zima litupwe.